Faili lililokataa kufunguka: jinsi trojani inavyoishi kwenye kompyuta na namna ya kuitoa

Mwezi wa sita, msimu wa wageni unapoanza kuchanganya, dada mmoja wa kampuni ya kupandisha watu mlimani aliingia chumbani kwangu hapa Moshi na laptopu kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Shikamoo kaka. Hii mashine imerogwa."

"Marahaba. Imefanyaje?"

"Yenyewe haijafanya kitu. Ila wageni wangu wanapata imeili kutoka kwangu, wanaambiwa akaunti ya benki imebadilika. Mimi sijaandika."

Nikamuuliza kama kuna faili alilolifungua siku za karibuni likakataa kufunguka. Akafikiri kidogo. Lilikuwepo. Mtu alitaka kupanda kwa njia ya Machame, siku 7, watu 6, na orodha ya wageni ilikuwa ndani ya faili la zip. Nywila ya kulifungulia iliandikwa humohumo kwenye imeili. Alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mara ya tatu akachoka, akampelekea mwenzake wa meza ya pili ajaribu kwenye mashine yake.

Kwa hiyo mgonjwa hakuwa mmoja. Walikuwa wawili.

Naandika mwongozo huu kwa sababu mambo haya nayaona kila msimu, na wengi huanza matibabu kutokea mwisho. Nimeuandika kwa ajili ya Windows, maana ndiyo inayonifikia mezani.

Inavyoishi

Trojani ni programu ya uhalifu inayojifanya kitu kingine. Jina limetoka kwenye kisa cha Wagiriki cha farasi wa mbao aliyeingizwa mjini Troya na wenye mji wenyewe, askari wakiwa tumboni mwake. Programu hii nayo haivunji mlango. Inapiga hodi ikiwa imevaa nguo za kitu unachokitaka, iwe orodha ya wageni, proforma, kraki ya Office (kiprogramu cha kutumia bure kitu cha kulipia) au sinema mpya, na wewe ndiye unayeitikia karibu. Kirusi halisi hujipachika kwenye mafaili mengine, na mnyoo husambaa wenyewe toka mashine hadi mashine. Trojani inategemea kidole chako.

Pale dada alipobonyeza na kuona kimya, haukuwa kimya. Faili lilikuwa na alama ya PDF lakini jina lake liliishia na .pdf.exe, yaani ni programu, si waraka, na Windows kwa kawaida huficha hicho kipande cha mwisho. Ile nywila ya zip haikuwekwa kwa ajili ya usalama wa mgeni. Iliwekwa ili kichujio cha imeili kisiweze kuchungulia ndani. Lilipofunguliwa, kilichoamka ni kiprogramu kidogo ambacho kazi yake kubwa ni kuwaita wenzake. Kikajinakili kwenye folda ya AppData, ambayo watu wengi hawajawahi kuiona kwa kuwa imefichwa. Kikajiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Windows huviwasha kila asubuhi, halafu kikampigia simu bwana wake aliye mbali.

Baada ya hapo hufuata uchukuzi. Nywila zote ulizokiambia kivinjari kizihifadhi zinabebwa, na pamoja nazo kuki. Hapa kwenye kuki ndipo watu wanapodanganyika. Kuki ni kifaili kidogo ambacho tovuti huweka kwenye kivinjari ili ikutambue. Ni kama muhuri wanaokugonga mkononi getini kwenye tamasha: ukishagongwa, hakuna anayekuuliza tiketi tena. Aliyeiba kuki ya imeili yako anaingia na muhuri wako, hata kama umeweka ule ulinzi wa kutumiwa namba kwenye simu. Namba haitaombwa.

Dalili zake mara nyingi ni ndogo. Antivairasi imezimika na haitaki kuwaka. Bando la GB 10 limekwisha kwa siku moja na hukuangalia video yoyote. Feni inalia wakati hujafungua kitu, hasa kama iliyoingia ni ile inayochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Taa ya kamera inawaka yenyewe. Lakini nyingi hazitoi dalili kabisa, na subira ni tabia yao ya zamani. Trojani ya mwaka 1989, iliyotumwa kwa posta kwenye disketi zilizodai kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI, ilikuwa inahesabu mara ambazo kompyuta imewashwa. Ikifika kama mara 90 ndipo ilificha mafolda, ikavuruga majina ya mafaili na kudai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Mwenye mashine alikuwa ameshasahau kabisa ile disketi.

Hatua ya 1: Ikate kwenye mtandao

Zima waifai, chomoa waya. Kama unatumia hotspoti, izime kwenye simu yenyewe, kwa sababu kitufe cha laptopu kiko kwenye himaya ya mwizi. Trojani isiyo na mtandao ni sawa na mwizi aliyefungiwa stoo: yumo, ila hana pa kupitishia mzigo. Kwa sasa usichomeke flashi wala diski ya nje. Na kama kuna aliyetumiwa faili lilelile, mpigie sasa hivi, naye akate.

Hatua ya 2: Badilisha nywila, kwa kifaa kingine

Hii ndiyo ninayoipigania kuliko zote, na ndiyo wengi wanaoiacha ya mwisho. Tena wanaifanya kwenye mashine ileile yenye ugonjwa, na hapo ni kumpelekea mwizi nywila mpya ikiwa bado ya moto. Tumia simu yako, au kompyuta ya ndugu unayeiamini.

Anza na imeili, kwa sababu akaunti nyingine zote huokolewa kupitia hiyo. Ukishabadilisha nywila, tafuta sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, ubonyeze, ili ile mihuri ya zamani ife. Angalia namba ya simu na imeili ya dharura zilizoandikwa pale: ni zako? Kisha ingia kwenye mipangilio ya vichujio na ya kupeleka barua kwingine.

Kwa yule dada, hapo ndipo tulipokuta kisa chenyewe. Mtu alikuwa ametengeneza kichujio: barua yoyote yenye neno la malipo au jina la benki isionekane kwenye kikasha, ihesabike imesomwa na ipelekwe kwenye folda ya kumbukumbu. Wageni walikuwa wanajibu, wengine wanauliza kwa mashaka kwa nini akaunti imebadilika, na yeye hazioni. Zilikuwa barua 11. Alikaa kwenye kiti akazisoma moja moja bila kusema neno.

Ukimaliza imeili, nenda WhatsApp, kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe chochote usichokitambua. Kisha benki. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, usipige inayotokea kwenye ujumbe. Wateja waarifu kwa simu au WhatsApp, maana imeili yako kwa muda huu haina heshima. Na kama pesa imeshaondoka, benki ndiyo ya kwanza kupigiwa, halafu nenda polisi na nakala za zile barua. Udanganyifu wa namna hii umo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Hatua ya 3: Okoa kazi zako

Kwanza amuru Windows ionyeshe mikia ya majina. Fungua folda yoyote, nenda View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko palepale kwenye View. Utashangaa vitu vingapi ulivyodhani ni picha au PDF kumbe ni .exe au .scr.

Chukua flashi moja uliyoitoa sadaka, yaani isiyo na kitu unachokipenda, unakili nyaraka, picha na majedwali yako tu. Usibebe chochote kinachoishia na .exe, .scr, .bat, .vbs, .js au .lnk, wala zile programu ulizohifadhi ili siku moja uziweke tena. Flashi hiyo iandike alama. Haichomekwi kwenye mashine nyingine mpaka nikuambie.

Hatua ya 4: Itafute inapolala

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke. Nenda kwenye orodha ya Details. Ukiona jina la mashaka, libonyeze kwa kitufe cha kulia uchague Open file location, uone linaishi wapi. Anwani husema mengi kuliko jina. Kwa mfano svchost.exe utaikuta mara nyingi kwenye orodha na hiyo ni kawaida, lakini makazi yake ni C:\Windows\System32. Svchost inayoishi kwenye AppData au Downloads ni mtu aliyevaa sare ya polisi asiye na kituo. Angalia herufi pia: kuna wanaoweka sifuri mahali pa o.

Usikurupuke kufuta kila kilicho AppData, kwa sababu programu halali kama Zoom nazo hukaa humo. Kilichonionyesha mwizi wa yule dada ni mambo matatu kwa pamoja: jina la kisomaji cha PDF ambacho hakuwahi kukiweka, sehemu ya mtengenezaji ikiwa tupu, na saa ya faili kuzaliwa kufuatana kwa dakika mbili na saa ya kupakuliwa ile zip.

Ukitaka kuona kila mahali pa kujiandikisha asubuhi, tumia Autoruns, programu ya bure ya Microsoft kutoka kwenye kundi la Sysinternals. Ipakue kwa kompyuta nyingine, uilete kwa flashi nyingine tupu, ambayo ukimaliza utaifuta yote. Ifungue kwa haki za msimamizi, ficha vilivyo vya Microsoft kwenye menyu, kisha soma vinavyobaki. Mstari wa waridi una maana kwamba mtengenezaji hajulikani au sahihi yake haijathibitika. Wa njano una maana faili lenyewe halipo tena. Waridi peke yake si hukumu. Printa nyingi za zamani huja na programu zisizo na sahihi. Unapokuwa na uhakika, ondoa tiki, usifute. Ukikosea utairudisha.

Ukiiua kwenye Task Manager ikarudi ndani ya sekunde chache, kuna mbili zinazolindana. Usishindane nazo. Nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Ipige Windows ikiwa imelala

Watu hutoa pesa kununua antivairasi ya kukrakiwa wakati Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, imo ndani ya Windows na inatosha. Nasema hivi nikijua kuna mafundi wenzangu nawamwagia mchuzi. Lakini antivairasi iliyokrakiwa ni mlinzi aliyeletwa na mwizi.

Kabla ya kuskani, fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings, ushuke mpaka Exclusions. Hii ni orodha ya mahali ambapo Defender imeambiwa isiangalie, na trojani nyingi hujiandika humo mapema. Kwa dada tulikuta C:\ nzima. Yaani mlinzi alikuwa ameajiriwa kulinda nyumba na kuambiwa asiingie ndani ya uzio. Futa chochote ambacho hukukiweka wewe.

Defender inahitaji taarifa mpya. Zipakue kwenye tovuti ya Microsoft kwa mashine nyingine, faili linaitwa mpam-fe.exe, ulilete kwa ile flashi tupu, ulifungue kwenye mashine mgonjwa. Kisha chagua Scan options, halafu Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima, itajiwasha, na itaskani kabla Windows haijaamka, wakati trojani bado haina miguu. Huchukua kama dakika 15. Laptopu iwe na chaji au iwe kwenye umeme. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), subiri saa ambayo umeme wa mtaani kwako huwa hauna mzaha.

Ikiamka, soma Protection history, kisha piga Full scan. Kwenye diski za zamani hiyo ni kazi ya usiku mzima, iache ulale. Baada ya hapo mimi hupenda jicho la pili: Microsoft Safety Scanner, isiyohitaji kusakinishwa. Kila nakala hufa siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hiyo ile ya mwaka jana kwenye flashi yako haina kazi. Usiweke antivairasi mbili zinazolinda muda wote. Zitagombana na mashine itakuwa nzito kuliko ilipokuwa na ugonjwa.

Hatua ya 6: Ufagio

Trojani ikiondoka huacha milango wazi. Pitia viendelezi vya kivinjari, vile viprogramu vidogo vya kuongezea, utoe usivyovijua. Kwenye Settings, Network & internet, Proxy, yaani mtu wa kati anayepitishiwa mtandao wako, hakikisha hakuna anwani uliyowekewa. Fungua Task Scheduler, ratiba ya vitu vinavyojiwasha vyenyewe, utafute kazi zenye majina ya ovyo zinazowasha kitu kilicho AppData. Fungua kwa Notepad faili la hosts, linaloweza kuiambia kompyuta jina la tovuti liende anwani ipi, lililo C:\Windows\System32\drivers\etc. Kwa kawaida mistari yake yote huanza na alama ya #. Ukikuta jina la benki au la kampuni ya antivairasi pale, mtu alikuwa anakupotosha njia.

Mipangilio ya DNS, kile kitabu cha anwani kinachoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, usiipite haraka, ya kompyuta na ya rauta. Trojani ya DNSChanger iliwaelekeza watu kwenye seva za wahalifu. Wahusika walikamatwa mwaka 2011, lakini mashine zilizoambukizwa zilikuwa bado zinategemea anwani zile, ikabidi ziendeshwe seva mbadala kwa amri ya mahakama. Zilipozimwa Julai 9, 2012, ambao hawakuwa wamesafisha walijikuta hawana intaneti.

Hatua ya 7: Lini upige windo upya

Kama Defender inakataa kuwaka hata baada ya yote haya, au kitu kinarudi kila baada ya siku mbili, au mashine hiyo ndiyo unayofanyia kazi za benki, acha kuwinda. Piga windo, yaani futa diski usakinishe Windows upya. Kwa yule dada sikusita, maana pesa za watu zilipita pale.

Tumia kompyuta safi, pakua Windows kutoka Microsoft, uiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Wakati wa kusakinisha futa vigawanyo vyote vya diski, usiache kile cha D "kwa sababu kina sinema". Kama mashine inaikubali, weka Windows 11. Windows 10 Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba tunazouziwa Moshi na Arusha bado ziko nayo.

Halafu kraki. Mzunguko ninaouona ni huu: fundi anapiga windo safi, dakika kumi baadaye anaweka kraki ya kuiwasha, yaani kuifanya ionekane ina leseni, na ili kraki ifanye kazi anazima Defender kwanza. Amefagia nyumba akamkaribisha mgeni yuleyule. Kinachouma ni kwamba mara nyingi kraki haikuhitajika. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 na kuuzwa na Windows yake zina ufunguo ndani ya bodi. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25, ufunguo unao. Kama ni wa Windows 10 au 11 na umesakinisha toleo lilelile, kama ni Home iwe Home, kwa kawaida Windows itajiwasha yenyewe ikipata mtandao.

Zile flashi

Sasa ile flashi ya sadaka. Ichomeke kwenye mashine iliyosafishwa huku umeshikilia Shift, usiifungue, iskani kwanza. Kama umekuta mafolda yote yamegeuka vishale vya shotikati, hao ni ndugu wengine, minyoo ya steshenari tuliyoizoea kila tunapokwenda kuprinti. Folda zako hazijafutwa, zimefichwa, na kishale kinaendesha mnyoo kabla ya kukufungulia folda ili usishtuke. Futa vishale na mafaili ya .vbs, kisha kwenye Command Prompt andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Siku hizi nikienda steshenari natuma kitu kwa WhatsApp badala ya kubeba flashi. Mangi wa pale hunicheka.

Laptopu ya yule mwenzake ililetwa kesho yake. Faili lilikuwa bado kwenye Downloads, limebadilishwa jina likaitwa ORODHA MACHAME, na .exe yake imeachwa palepale. Alikuwa amelibonyeza mara mbili siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini hakulifuta, akasema alikuwa anasubiri aweke bando ajaribu tena, huenda lilikosa mtandao.